Miche ya nyanya chini ya mwembe ilirefuka vizuri, viwavi na kinyausi vikaimaliza. Ile mifupi ya juani imebaki. Kwa nini?

#1 NyanyaKwaNdoo
Wakuu habari za jioni. Niko Kayenze hapa Ilemela, nalima nyanya kwa maji ya ziwa, eneo halifiki hata eka. Msimu huu kuna jambo limenichanganya.

Pakiti ya mbegu ni moja. Nusu nilisia chini ya mwembe karibu na nyumba ili mama watoto amwagilie bila kuhangaika. Nusu nikasia kule chini karibu na maji, hakuna mti, hakuna kivuli, upepo wa ziwa unapiga kutwa. Siku ya kusia ni moja, samadi ni ya ng'ombe wale wale.

Wiki ya tatu ya mwembeni ilikuwa imefika shibiri, laini, kila anayepita anaisifia. Ya kule chini mifupi kama kidole cha kati, shina nene lenye rangi ya zambarau. Nikamwambia mke wangu hii tuing'oe tu, imedumaa.

Wiki iliyopita wakaja viwavi. Ya mwembeni wameila hadi vikonyo, na ambayo haikuliwa imelala yenyewe kwa kinyausi, shingo imekuwa nyembamba kama uzi pale inapotokea ardhini. Ya kule chini ina matundu mawili matatu, imesimama wima.

Halafu kuna hiki. Ukiishika ile mifupi vidole vinabaki na ukijani mweusi na harufu kali ya nyanya, unanawa mara mbili bado ipo. Ya mwembeni ukiishika ni kama umeshika mchicha, hakuna kitu.

Swali: urefu ndio udhaifu? Au nimeuziwa mbegu mbili tofauti kwenye pakiti moja?

#2 FuruMkavu
Kiti cha mbele, kahawa na kashata viko hapa.

#3 KijanaWaBuhongwa
Mkuu hiyo ya chini piga busta, dawa ya kukuzia mimea, itanyanyuka ndani ya siku nne. Usihangaike na maswali.

#4 BibiKitalu
Mwangaluka. Nauza miche Kisesa huu mwaka wa kumi na tisa. Mwanangu, kivuli na unyevu ndiyo nyumba ya kinyausi, hilo halina mjadala. Lakini la viwavi ni la upepo. Miche inayopigwa na upepo inajikaza. Mimi vitalu vyangu viko nyuma ya ukuta, upepo haufiki, kwa hiyo kila asubuhi napitisha fagio la chelewa juu ya miche, taratibu, kwenda na kurudi kama mara kumi. Inakuja mifupi na migumu, wateja wangu wanaijua. Nilifundishwa na mama mmoja wa Magu, hakuniambia sababu.

#5 FuruMkavu
BibiKitalu alisema: *napitisha fagio la chelewa juu ya miche, taratibu*

Bibi unabembeleza nyanya asubuhi, babu je?

#6 BibiKitalu
Babu anajipikia uji. Wewe kunywa kahawa yako.

#7 MwalimuWaNyegezi
Nafundisha baiolojia, niruhusuni nirefushe kidogo, kwa sababu FuruMkavu anacheka lakini bibi yuko sahihi kuliko anavyojua.

Mche hauna ubongo, una homoni. Nazo hazifanyi kazi moja moja kama tulivyokariri: oksini kurefusha, jiberelini kuotesha, ethilini kuivisha, mtihani umeisha. Zinavutana.

Tuanze na mwembe. Jani la mwembe linanyonya mwanga mwekundu na kuachia ule wekundu wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri. Mche ulio chini una protini iitwayo fitokromu inayopima uwiano wa hizo rangi mbili. Ule wa mbali ukizidi, mche unaelewa kwamba kuna mwenzangu juu yangu. Hapo oksini na jiberelini zinaongezeka na shina linakimbilia juu kutafuta jua.

Sasa fikirini pikipiki yenye breki mbili. Breki ya kwanza inazuia kukua, ni kundi la protini zinazoitwa DELLA. Ya pili inazuia ulinzi, zinaitwa JAZ. Breki hizi zimekumbatiana, moja inaishika nyingine isifanye kazi yake. Jiberelini ikija inaivunja DELLA, mche unarefuka, lakini JAZ nayo imeachiwa huru, inakwenda kuufunga ulinzi. Kiwavi akiuma kwanza, mambo yanageuka: homoni iitwayo jasmoneti inapanda, JAZ zinavunjwa, ulinzi unafunguka, na DELLA iliyoachiwa inakamata kukua. Ndiyo maana mche ulioumwa unasimama kwanza.

Kwa hiyo miche yako ya mwembeni haikuwa na afya. Ilikuwa inakimbia, na anayekimbia hashiki mkuki.

#8 Sengerema_Mpunga
Mwalimu umetema madini. Ila swali la mtoto wa shule: ulinzi wenyewe ni nini hasa? Nyanya haina meno.

#9 MwalimuWaNyegezi
Ina dawa ya kuvuruga tumbo. Mwaka 1972 Green na Ryan, Wamarekani, walionyesha kwamba jani la nyanya au kiazi likiumwa na mdudu, mmea mzima, hata majani ambayo hayajaguswa, unaanza kutengeneza protini zinazozuia vimeng'enya vya tumboni. Kiwavi anakula, anashiba, chakula hakisagiki. Anadumaa yeye.

Na ule ukijani mweusi wa kwenye vidole vya mleta mada ndio ulinzi wenyewe. Ni vinywele vyenye tezi, mdudu mdogo ananasa humo. Nyanya yenye kasoro ya kupokea jasmoneti huwa na vinywele vichache. Umeushika ulinzi kwa mkono bila kujua.

#10 NyanyaKwaNdoo
Duh. Na mimi nilikuwa nanawa kwa hasira.

#11 KijanaWaBuhongwa
Mwalimu mimi nakupinga kidogo. Jiberelini si ya mmea, ni dawa ya Wachina, iligunduliwa miaka ya hamsini kwenye viwanda vya mbolea. Busta nyingi ndiyo hiyo hiyo.

#12 Sengerema_Mpunga
Hapana mkuu, na hili nalijua kwa sababu ni la mpunga. Ni Wajapani. Walikuwa na ugonjwa wa mpunga ambapo mche unarefuka kupita wenzake, unapauka, unalala, haubebi. Wakauita bakanae, yaani mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa akaonyesha kwamba fangasi anayeusababisha anatoa kitu fulani. Ukichuja maji aliyooteshewa fangasi ukaumwagia mpunga mzima usio na fangasi, nao unarefuka kipumbavu. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akakipa jina la jiberelini kutokana na jina la fangasi lililotumika enzi hizo, Gibberella. Baadaye ndipo ikaonekana kwamba mimea yenyewe inaitengeneza.

Kwa hiyo fangasi alikuwa anauongezea mpunga homoni yake mwenyewe ili ulegee. Nikikumbuka msimu niliopiga busta nakosa usingizi.

#13 FuruMkavu
Mche mpumbavu. Nina shemeji hivyo.

#14 DadaWaIgoma
Hiyo ya busta naomba nisimulie. Mwaka juzi nilinunua chupa duka moja mjini, jina nalihifadhi, lebo imeandikwa lugha ambayo hata muuzaji haijui. Akaniambia kizibo kimoja kwa ndoo. Nikapiga kwenye trei sita za pilipili hoho. Siku ya tano nimeamka zimerefuka nikapiga picha nikamtumia kaka yangu. Siku ya tisa zimelala zote, upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Nilipomrudia akaniambia nimezidisha kizibo. Kizibo kipi? Chupa ilikuwa na viwili, cha nje na cha ndani.

Sikuambulia hata trei moja.

#15 KijanaWaBuhongwa
Pole dada. Ila hatujui kama ilikuwa jiberelini, inawezekana ilikuwa naitrojeni tu.

#16 DadaWaIgoma
Ndiyo shida yenyewe. Wewe ulimwambia mleta mada apige bila kuuliza ndani kuna nini.

#17 BibiKitalu
Kabla hamjafika mbali. Wewe wa Kayenze, kuku wenu wanalala wapi?

#18 NyanyaKwaNdoo
Bibi, wanalala juu ya mwembe.

#19 BibiKitalu
Eeh.

#20 Ukerewe_Asilia
Bibi amemaliza uzi. Wakuu, miezi yote hiyo kinyesi cha kuku kinadondoka pale, halafu juu yake kawekewa samadi ya ng'ombe. Naitrojeni imejaa kupita kiasi. Mche unanenepa maji, jani laini, kiwavi anakata kama mkate. Hatuhitaji fitokromu wala pikipiki ya breki mbili. Kwetu kisiwani mtu akizidisha samadi mbichi kwenye kitalu, hata juani, miche inakuwa hiyo hiyo.

#21 MwalimuWaNyegezi
Nakubali naitrojeni inalainisha. Lakini haielezi vinywele kupotea. Na naitrojeni peke yake juani ingempa mche mnene wenye majani makubwa, siyo kamba.

#22 Ukerewe_Asilia
Mwalimu umeiona kamba hiyo? Tumesimuliwa tu. Mleta mada weka picha.

#23 NyanyaKwaNdoo
Picha ya nini tena, zimeliwa.

#24 MwanafunziSUA
Shikamoo mwalimu, shikamoo bibi. Niko Morogoro ila nyumbani ni Mabatini. Naongeza mawili.

Kwanza fagio la bibi. Wanasayansi wanalijua jambo hilo. Mark Jaffe mwaka 1973 aliandika kuhusu mimea kubadilika umbo kwa kuguswa: shina fupi, nene. Mwaka 1990 Braam na Davis walikuta kuna jeni zinazowaka ndani ya nusu saa baada ya mmea kuguswa tu, au hata kunyunyiziwa maji. Halafu mwaka 2012 wengine wakaonyesha kwamba kugusa mmea mara kwa mara kunapandisha jasmoneti, na mmea ulioguswa unahimili zaidi fangasi wa ukungu wa kijivu na pia kiwavi. Wajapani wana desturi ya kukanyaga ngano na shayiri changa kwa miguu wakati wa baridi. Kwa hiyo upepo wa ziwa unaweza kuwa ndio uliolinda ile miche, si jua.

Pili, joto. Chini ya mwembe si baridi usiku kama watu wanavyodhani. Mche ukipata joto la juu kidogo unarefuka kwa njia ya oksini, karibu sawa na kivuli, na asidi ya salisili, ambayo ni homoni nyingine ya ulinzi, inapungua. Kule chini upepo unapoza.

#25 FuruMkavu
Bibi naomba radhi. Fagio linauzwaje?

#26 Sengerema_Mpunga
Nilikuwa sijui kama kuna homoni mbili za ulinzi. Zinasaidiana?

#27 MwalimuWaNyegezi
Zinagombana. Kwa kifupi: jasmoneti ni ya wanaotafuna na wa kuua seli kwanza ndipo wale. Asidi ya salisili ni ya virusi na vijidudu vinavyokula mmea ukiwa hai. Moja ikipanda sana mara nyingi inaishusha nyingine. Kuna bakteria anatengeneza kemikali inayofanana na jasmoneti, mmea unadhani umeumwa na kiwavi, unashusha salisili, bakteria anapita. Ni kama mwizi anayepiga kelele za moto upande wa pili wa mtaa.

#28 DagaaWaMwanga
Salisili si ndiyo asprini? Jirani yangu hapa Kirumba alisoma mahali akasaga vidonge vinne kwenye lita kumi akamwagilia nyanya. Tulimcheka tukasema nyanya zina presha. Virusi vya kujikunja majani kweli vilikuwa vichache kuliko kwangu, ila viwavi walimla huyo mtu.

#29 MwanafunziSUA
Hiyo ni kesi nzuri sana kaka. Asprini ni ndugu wa asidi ya salisili. Mwaka 1979 White huko Uingereza aliiweka kwenye majani ya tumbaku na madoa ya kirusi cha batobato ya tumbaku yakapungua. Mwaka 1988 ikaonekana kwamba asprini kwenye nyanya inazuia zile protini za kuvuruga tumbo alizosema mwalimu #9. Jirani yako aliimarisha mlango mmoja akafungua mwingine.

Ingawa kwa virusi vya kujikunja siwezi kukuhakikishia, maana vinaletwa na inzi weupe, na huenda kwake walikuwa wachache tu.

#30 DagaaWaMwanga
Inzi weupe hawajawahi kuwa wachache Kirumba.

#31 MwanafunziSUA
Basi sikia na hili. Inzi mweupe ananyonya, hatafuni, na akinyonya anafanya salisili ipande na jasmoneti ishuke, ambayo ndiyo ingemdhuru yeye. Mwaka 2019 kuna utafiti ulionyesha kwamba nyanya iliyoshambuliwa na inzi weupe inatoa harufu ambayo nyanya za jirani zikiipata zinaandaa salisili badala ya jasmoneti, yaani zinajiandaa kwa adui asiyekuwapo. Inzi akifika anakuta mlango wazi. Majirani wamepewa taarifa ya uongo.

#32 FuruMkavu
Kwa hiyo hata nyanya zina kundi la mtaa la kusambaza uzushi.

#33 KijanaWaBuhongwa
Mnanichekesha. Mimea kunusiana?

#34 MwalimuWaNyegezi
Ndiyo. Mwaka 1990 Farmer na Ryan waliweka kitawi cha kichaka kimoja cha jangwani Marekani ndani ya chombo kimoja na nyanya, bila kugusana. Nyanya ikaanza kutengeneza zile protini. Kichaka kilikuwa kinatoa jasmoneti ya hewani, ambayo pia ni sehemu ya harufu ya maua ya yasmini. Jina limetoka huko.

#35 DadaWaIgoma
Yasmini tena. Pwani wanavaa kichwani, kumbe ni king'ora.

#36 DagaaWaMwanga
Turudi kwa mleta mada. Hakuna aliyetaja moshi. Mimi miche yangu ya kwanza niliiweka kwenye chumba ambacho mama alikuwa anavundika ndizi. Ilitoka mifupi, minene, imepinda kichwa kama mtu anayetafuta sarafu. Niliambiwa ni ethilini. Je, kule chini hakuna wanaokausha samaki kwa moshi?

#37 MwalimuWaNyegezi
Umekuja na historia bila kujua. Mwaka 1901 huko St. Petersburg kijana Dimitri Neljubow aliona njegere alizootesha gizani maabara zinakuwa hivyo hivyo: fupi, nene, zimelala ubavu. Nje ya jengo zinaota sawa. Chanzo kilikuwa gesi ya taa inayovuja, na ndani yake ethilini.

Na ile kupinda kichwa ina kazi. Mche ukiwa bado chini ya udongo unatoka umeinama kama ndoano ili ncha isichubuke. Udongo ukiwa mgumu ethilini inajikusanya, ndoano inakaza, shina linanenepa na kusukuma. Ukifika kwenye mwanga ndoano inanyooka, kwa sababu oksini iliyokuwa imekaa upande mmoja inasambaa.

#38 NyanyaKwaNdoo
Kuna tanuri la kukaushia samaki, ndiyo, lakini ni kama hatua mia mbili na upepo unavuma kutoka ziwani. Sidhani.

#39 DagaaWaMwanga
Usiku upepo unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa dagaa wanaujua.

#40 NyanyaKwaNdoo
Tanuri liko magharibi, mkuu. Upepo ugeuke mara ngapi?

#41 Sengerema_Mpunga
Ethilini mnaionea, mnaitaja kwa ufupi tu. Kwenye mpunga ndiyo yenye uamuzi. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa, majaruba yetu ya chini yalizama. Maji yalikuwa juu ya mpunga mchanga siku nyingi. Aina moja ya mbegu ilijirefusha kutafuta hewa, ikatoka juu, maji yaliposhuka yote ikalala na kuoza. Kwa mzee mmoja kulikuwa na mbegu ya zamani, ilikaa kimya chini ya maji kama imekufa. Maji yaliposhuka ikachipua.

Baadaye nikasoma kwamba kuna jeni inaitwa Sub1A, walioitambua waliandika mwaka 2006, imetoka kwenye mpunga wa zamani wa India. Ethilini ikijikusanya chini ya maji, jeni hiyo inaifunga jiberelini, mche unaacha kukua na kutunza sukari yake, unaweza kustahimili kama wiki mbili. Mpunga wa maji marefu unafanya kinyume: ethilini hiyo hiyo inafungulia jiberelini na mche unapanda na maji. Homoni ni zile zile, amri mbili tofauti.

Sisemi mbegu ya mzee ilikuwa na jeni hiyo. Hakuna aliyeipima, na mwaka uliofuata waliila.

#42 Ukerewe_Asilia
Waliila. Hapo ndipo utafiti wetu unapoishia.

#43 NgoshaWaMisungwi
Nimechelewa, natoka shamba. Mimi ni mtu wa mtama, sina nyanya, ila mnaongea homoni bila kutaja kiduha? Yale maua ya pinki mnayoyaona mazuri kwenye mtama wa jirani. Mbegu yake ni kama vumbi, inakaa ardhini miaka, haioti mpaka inuse mzizi wa mtama au mahindi. Inachonusa ni homoni. Mzizi unaitoa ukiwa na njaa ya fosforasi, kuwaita fangasi wema waulishe. Kiduha kinasikia mwaliko usio wake.

#44 MwanafunziSUA
Sahihi. Jamii hiyo inaitwa strigolaktoni, jina limetokana na kiduha chenyewe, ambacho kisayansi ni Striga. Ya kwanza ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, ambayo ajabu ni kwamba kiduha hakiishambulii. Mwaka 2008 ndipo ikajulikana kuwa ndani ya mmea yenyewe ni homoni ya kuzuia matawi.

#45 NgoshaWaMisungwi
Pamba inakiotesha halafu haikilishi, kinakufa. Ndiyo maana wazee wetu wakibadilisha mtama na pamba kiduha kinapungua. Wabeja.

#46 KijanaWaBuhongwa
Haya, nimekubali mengi. Swali langu la mwisho: kama breki ni mbili, kwa nini wasikate zote? Upate nyanya ndefu na yenye ulinzi.

#47 MwanafunziSUA
Wamejaribu, si kwa nyanya bali kwa kimmea kidogo cha maabara. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliondoa JAZ tano pamoja na fitokromu moja, ambayo bila hiyo mmea unarefuka kama uko kivulini. Kikawa kinakua na kinajilinda kwa wakati mmoja. Hapo wengi wakasema basi, ile hadithi kwamba mmea hauna chakula cha kutosha kwa yote mawili si kweli, ni amri tu inayotolewa.

#48 MwalimuWaNyegezi
Malizia hadithi, mwanangu. Mwaka 2018 kundi hilo hilo waliondoa JAZ kumi. Kikawa kigumu kwa wadudu na fangasi, lakini kilikua vibaya, kilikaa kama chenye njaa ya sukari, na mbegu zake zikawa chache. Kwa hiyo chakula nacho kina neno. Mimi na vijana wangu wa kidato cha sita tumebishana hili muhula mzima.

#49 Ukerewe_Asilia
Chakula tena. Si ndicho nilichosema #20?

#50 MwalimuWaNyegezi
Ulisema kinyesi cha kuku.

#51 DadaWaIgoma
Jamani hadi sasa tuna mwembe, upepo, joto, kuku, na moshi. Mleta mada si ajaribu tu? Trei nne, mbegu moja, udongo mmoja uliochanganywa kwenye beseni moja. Mbili chini ya mwembe, mbili juani nyuma ya ukuta kusiko na upepo. Kila sehemu moja ipigwe fagio la bibi na nyingine isiguswe.

#52 BibiKitalu
Fagio liwe kavu. Na usipitishe miche ikiwa na umande, utasambaza ugonjwa trei nzima. Na udongo uunguze kwanza kwa moto wa majani, vinginevyo kinyausi kitakupa jibu lake.

#53 NyanyaKwaNdoo
Nimekubali. Nasia kesho.

#54 FuruMkavu
Uzi ubandikwe juu.

#55 NyanyaKwaNdoo
Wakuu, mrejesho. Siku ya kumi na nane leo.

Trei ya juani isiyoguswa: inafika kifundo cha pili cha kidole. Ya juani iliyofagiwa: fupi zaidi, kidogo tu, ila shina unaliona ni nene. Zote mbili zinachafua vidole.

Ya mwembeni iliyofagiwa imenishangaza. Si ndefu kama ile ya mwanzo, imesimama, ila vidole havichafuki sana. Nimeshika, nikanusa, nikampa mke wangu anuse bila kumwambia ni ipi. Amesema harufu ipo ila ni ya mbali.

Ya mwembeni isiyoguswa sina cha kuwaambia. Jana jioni kuku wameruka kabla ya kupanda kulala, wameparura trei yote. Imebaki miche minne pembeni, mirefu.

#56 Ukerewe_Asilia
Kuku wamekuja kutetea hoja yangu.

#57 MwalimuWaNyegezi
Ndiyo trei tuliyoihitaji kuliko zote.

#58 MwanafunziSUA
Hiyo minne usiitupe, kaka. Ipime urefu, halafu weka kiwavi mmoja kwenye kila mche na mmoja kwenye mche wa juani, uone kesho kimeliwa kiasi gani.

#59 NyanyaKwaNdoo
Viwavi nitoe wapi sasa, wameshaisha.

#60 DagaaWaMwanga
Njoo Kirumba, nakupa bure.

#61 KijanaWaBuhongwa
Na ile mifupi ya kwanza uliyotaka kuing'oa?

#62 NyanyaKwaNdoo
Nimeihamishia shambani Jumanne, mia tatu na kitu. Mke wangu kila akipita ananiuliza kwa sauti: hii ndiyo uliyosema imedumaa?

#63 BibiKitalu
Umeipanda jioni au mchana?

#64 NyanyaKwaNdoo
Jioni bibi.

#65 BibiKitalu
Haya. Na kuku wajengee banda.